Kwa nini dhoruba ya Ziwa Victoria husubiri usiku?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mkazi wa Ukerewe, nakausha na kuuza dagaa, na mume wangu anavua usiku. Kuna jambo linaninyima usingizi. Mchana ziwa linatulia kama maji ya mtungini, jua kali, hata wingu la kusingizia hakuna. Ikifika saa nane au saa tisa usiku upepo unavuma ghafla, radi zinapiga kila upande, na asubuhi tunaanza kuhesabu mitumbwi iliyorudi. Kwa nini dhoruba haiji mchana watu wakaiona? Wazee wengine hapa wanasema inatumwa. Tena mwezi uliopita tuliona kitu kama mkonga wa tembo kimeshuka kutoka wingu kikagusa maji. Kijana mmoja akasema ndiyo ile tonado ya Marekani inayobeba nyumba. Ni kweli imefika huku?"

Marahaba, mama, na pole kwa usiku unaokesha ukisikiliza upepo. Swali lako nimelisoma mara mbili, kwa sababu nusu ya jibu umeshaliweka ndani yake. Umesema dhoruba inasubiri usiku. Ndivyo ilivyo kweli. Ziwa Victoria lina saa yake, na kinachoizungusha saa hiyo ni tofauti ya joto kati ya maji na nchi kavu. Ukiielewa, utajua pia pa kuangalia jioni kabla mumeo hajashusha mtumbwi. Tutafika huko, ila kwanza tuingie jikoni kwako.

Ukifunua sufuria ya wali unaochemka, mvuke ukakupiga mkononi, unaungua vibaya kuliko ukipitisha mkono haraka kwenye hewa ya moto iliyo juu ya jiko. Mvuke umebeba joto lililofichika. Maji yanapogeuka mvuke hula joto, ndiyo maana ukitoka kuoga unasikia baridi hata kama jua linawaka. Joto hilo halipotei, mvuke huondoka nalo. Mvuke ukirudi kuwa maji, iwe mkononi mwako au angani, unalitoa lote. Kilo moja ya mvuke ikigeuka matone hutoa joto linalotosha kuchemsha karibu lita saba za maji ya mtungini. Nakuomba ulishike hilo, maana dhoruba nzima imejengwa juu yake.

Sasa litazame ziwa. Lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, na maji yake ya juu huwa na nyuzijoto 24 hadi 26 karibu mwaka mzima. Usiku na mchana linatoa mvuke. Karibu asilimia 80 ya maji yote yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mito yote, Kagera ikiwemo, inaleta kile kinachobaki. Kwa hiyo mbele ya nyumba yako kuna sufuria kubwa kuliko nchi nzima ya Rwanda na Burundi zikiunganishwa, na moto wake hauzimwi.

Hewa iliyokaa juu ya maji hayo ina joto na unyevu, na hewa ya namna hiyo ni nyepesi. Ikipata wa kuisukuma, inapanda. Ikipanda inatanuka, kwa sababu huko juu mgandamizo ni mdogo, na ikitanuka inapoa. Mpe mwanao abonyeze valvu ya tairi la baiskeli lililojaa: hewa inayotoka ni baridi kwenye kidole, kwa kuwa inatanuka. Angani hewa inayopanda hupoteza karibu nyuzi 10 kwa kila kilomita moja. Ikifika mahali ambapo imepoa kiasi cha kushindwa kuubeba mvuke wake, mvuke unaanza kuwa matone madogo sana. Pale ndipo unapoona wingu linaanza, na ndiyo sababu mawingu mengi ya mvua yana kitako bapa, kana kwamba yamewekwa juu ya meza.

Wingu likishaanza, lile joto lililofichika linatoka. Hewa iliyokuwa inapoa kwa nyuzi 10 kila kilomita sasa inapoa kwa nyuzi 5 au 6 tu, wakati hewa iliyoizunguka haina msaada huo. Inabaki na joto kuliko jirani zake, kwa hiyo inaendelea kupanda, na kadiri inavyopanda ndivyo inavyotoa joto zaidi. Wingu linajisukuma lenyewe. Ziwa lipo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mawingu ya dhoruba ya ukanda wetu huvuka kilomita 15 kwenda juu, juu kabisa ya njia za ndege za abiria. Huko kileleni kuna baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri au zaidi, hapo juu ya kichwa cha mvuvi anayetoka jasho. Juu zaidi ya hapo kuna tabaka la hewa ambayo joto lake linaongezeka badala ya kupungua, na wingu likiligonga halipiti tena. Linatambaa pembeni na kuchukua umbo la fuawe ya mhunzi. Ukiona fuawe nyeupe imetandazwa angani kwa mbali, jua kwamba chini yake kuna dhoruba iliyokomaa.

Kwa hiyo dhoruba inadai mambo matatu: unyevu, joto chini na baridi juu, na kitu cha kuisukuma hewa ile mara ya kwanza. Mawili ya mwanzo ziwa linayo kila siku. Hilo la tatu ndilo linalopanga saa.

Jua likichomoza, nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji. Mchanga wa mwaloni saa saba mchana huwezi kuukanyaga peku, lakini ukiingia majini miguu inapoa. Hewa ya nchi kavu inapanda, na hewa ya ziwani inakuja kujaza nafasi yake. Huo ndio upepo mnaousikia mchana ukitoka ziwani. Unatoka katikati ya ziwa kwenda pande zote, Mwanza, Musoma, Kisumu, Entebbe, Bukoba, na kwa kuwa hewa inaondoka chini, ile ya juu inashuka taratibu kuziba pengo. Hewa inayoshuka hufuta mawingu. Basi utulivu wako wa mchana ndio huo: ziwa lote liko chini ya hewa inayoshuka. Wakati uleule dhoruba zinajengeka nchi kavu, hasa upande wa mashariki kwenye miinuko ya Kenya. Wakulima wa chai wa Kericho na Nandi wanaijua vizuri sana mvua ya mawe ya alasiri inayochana majani ya chai kama wembe.

Usiku gurudumu linageuka. Ardhi inapoteza joto lake upesi, maji yanabaki na lake. Sasa ziwa ndilo lenye joto na nchi kavu ndiyo yenye baridi, kwa hiyo upepo unatoka nchi kavu kuelekea ziwani, na unatoka pande zote kwa pamoja kwa sababu ziwa limezungukwa na nchi kavu. Upepo wa Mara unakutana na wa Bukoba, wa Mwanza unakutana na wa Uganda. Hewa zikigongana juu ya maji haziwezi kwenda chini, zinakwenda juu. Hapo sasa umepata msukumo, juu ya maji ya nyuzi 25 yaliyokuwa yakitoa mvuke kutwa nzima. Ongeza upepo wa jumla wa ukanda huu unaotoka mashariki, ambao nao unasukuma mawingu kuelekea magharibi. Ndiyo maana dhoruba nyingi hukomaa sehemu ya kati na ya magharibi ya ziwa kuelekea alfajiri, na ndiyo maana Bukoba hupata mvua ya asubuhi kwa wingi, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Mwanza inapata kama nusu ya hiyo.

Kinachoniumiza ni kwamba saa hiyo ya ziwa imegongana na saa ya kazi yenu. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, ili taa ziwavute. Yaani watu wengi kabisa wako katikati ya maji, na taa zao zinawazuia kuona mbali, saa zilezile ambazo hewa inagongana juu yao. Samaki wamepanga hivyo na jua limepanga hivyo. Hakuna aliyetuma.

Ngoja nikueleze pia kinachopindua mtumbwi, kwa sababu watu wengi hudhani ni radi au wingi wa mvua. Mwaka 1946 kule Florida na 1947 kule Ohio, wataalamu wa Marekani wakiongozwa na Horace Byers na Roscoe Braham walipitisha ndege za kijeshi ndani ya mawingu ya dhoruba, mara nyingi, zikipishana kwa urefu, ili kupima upepo uliomo. Walikuta kwamba kila wingu la dhoruba lina maisha yenye vipindi vitatu. Ujanani hewa yote inapanda. Likikomaa, upande mmoja hewa inapanda na upande mwingine inaporomoka pamoja na mvua. Uzeeni inaporomoka tu, na wingu linakufa kwa sababu limeikata njia ya chakula chake. Wingu moja humaliza maisha hayo kwa nusu saa hadi saa moja. Dhoruba ya usiku mzima ni ukoo wa mawingu, moja linamzaa jingine.

Ile hewa inayoporomoka ndiyo adui wa mvuvi. Mvua ikianguka, sehemu yake inakauka njiani, na kukauka hula joto, kama tulivyosema kule jikoni. Hewa inapoa, inakuwa nzito, inaanguka. Ikigonga maji haina pa kwenda, inasambaa pande zote. Mwaga ndoo ya maji kwa mkupuo kwenye sakafu ya saruji uone yanavyokimbia: ndivyo ilivyo, ila ndoo ina upana wa kilomita kadhaa. Upepo huo unaweza kulitangulia wingu kwa kilomita nyingi, ukafika mahali ambapo bado nyota zinaonekana.

Niliwahi kulala majini na wavuvi wa dagaa usiku wa namna hiyo. Hewa ilikuwa nzito, imetulia, shati limeganda mgongoni. Taa zilikuwa zinaelea kila moja kwenye chelezo chake, hazitikisiki. Mara shingoni nikasikia ubaridi, kama mtu amefungua mlango wa jokofu nyuma yangu, na ukaja na harufu ya mvua ingawa tone lilikuwa halijaanguka. Mzee aliyekuwa nahodha hakuuliza mtu. Akasema "kusanya" mara moja tu, na mikono yake ilishaanza kuvuta kamba. Kati ya ule ubaridi na wimbi la kwanza la kweli hazikupita dakika kumi. Yule mzee hakuwa amesoma hali ya hewa darasani, lakini alikuwa anausoma mpaka wa hewa iliyoporomoka sawasawa na mtu mwenye rada.

Tuje kwenye radi. Ndani ya wingu, juu ya usawa ambao maji huganda, kuna fuwele ndogo za barafu, kuna punje za mvua ya mawe laini, na kuna matone ambayo yamepoa chini ya sifuri lakini hayajaganda. Fuwele nyepesi zinarushwa juu, punje nzito zinaning'inia au zinashuka, na zinapopishana zinagusana. Kila mguso unahamisha chaji kidogo ya umeme. Mara nyingi zile punje nzito hubaki na chaji hasi katikati ya wingu, na fuwele hupanda na chaji chanya kileleni. Migusano mabilioni kwa mabilioni, na wingu linakuwa betri. Hewa ni kizuizi kizuri cha umeme, lakini kila kizuizi kina mwisho wake. Kikishindwa, umeme unatafuta njia, na hewa ya kwenye njia hiyo inafikia joto la nyuzi karibu 30,000, mara tano ya uso wa jua. Inatanuka kwa kishindo. Kishindo hicho ndicho ngurumo.

Ukanda wetu ni mkuu kwa jambo hili duniani. Tororo, mashariki mwa Uganda, imeingia kwenye vitabu kwa kunguruma wastani wa siku 251 kwa mwaka. Satelaiti zilipohesabu mimweko ya radi kutoka angani, sehemu ya kwanza duniani ilikuwa Ziwa Maracaibo la Venezuela, na ya kwanza Afrika ilikuwa Kabare, huko Kivu ya Kusini, jirani na Bukavu: zaidi ya mimweko 200 kwa kila kilomita moja ya mraba kwa mwaka. Ndugu zetu wa Kivu wanaosoma haya hawahitaji kuambiwa.

Na hapa lazima niseme waziwazi kuhusu kutumwa. Siwadharau wazee. Radi inaua mtu mmoja na kumwacha aliyeketi karibu naye, na moyo wa binadamu unatafuta sababu. Machi 2018, wilayani Nyaruguru nchini Rwanda, radi ilipiga kanisa ibada ikiendelea, ikaua watu 16. Mtu akiuliza kwa nini kanisa, jibu lipo. Umeme wa radi ukifika ardhini hausimami, unatawanyika kwenye udongo kama maji yaliyomwagika, na aliye na miguu iliyotanuka anapitiwa nao, unaingia mguu mmoja na kutokea mwingine. Ng'ombe hufa wengi kwa pigo moja kwa sababu miguu yao ya mbele na ya nyuma iko mbali. Jengo lisilo na kinga ya radi, lenye watu wengi walioketi karibukaribu juu ya sakafu ya udongo, linaweza kupoteza wengi kwa mara moja, na madarasa yetu mengi yako hivyo. Kinga ya radi ni fimbo ya shaba juu ya paa na waya mnene hadi ardhini. Kijiji kikichangishana fedha, zinunue hiyo. Kumnyooshea kidole bibi wa jirani kwa sababu macho yake ni mekundu, wakati amepikia kuni na samadi maisha yake yote, ni dhuluma, na kanda yetu imeshazika bibi wengi kwa dhuluma hiyo.

Sasa huo mkonga. Mlichokiona kinafanana na tonado kwa sura, na kwa jina la kitaalamu ni jamaa yake wa mbali, lakini kimezaliwa kwa njia nyingine kabisa.

Tonado zile za Marekani huhitaji wingu linalozunguka lenyewe. Chukua kalamu, iweke kati ya viganja viwili, cha chini kitulie, cha juu kisogee mbele. Kalamu inaviringika ikiwa imelala. Ndivyo hewa inavyofanya pale upepo wa chini unapokuwa dhaifu na wa juu ukawa mkali au ukatoka upande mwingine. Sasa hewa inayopanda ndani ya wingu inaichukua hiyo kalamu na kuisimamisha wima. Wingu lote linaanza kuzunguka, kwa upana wa kilomita kadhaa, na kwa sababu mvua yake inaangukia pembeni, haikati chakula chake. Linaweza kuishi saa nyingi. Baadaye hewa inayoporomoka nyuma ya wingu hilo inasaidia kuuleta mzunguko chini karibu na ardhi, na hewa inayopanda inaunyoosha na kuubana. Funga jiwe kwenye kamba ulizungushe, kisha iache kamba ijikunje kidoleni: kadiri inavyofupika ndivyo jiwe linavyokimbia. Mzunguko wa kilomita ukibanwa kuwa wa mita mia mbili tatu, upepo unavuka kilomita 300 kwa saa.

Mashariki ya milima ya Rocky ndiko mahali pa kila kitu hicho kukutana. Kutoka kusini inakuja hewa ya joto yenye unyevu wa Ghuba ya Mexico, kutoka magharibi hewa kavu ya nyanda za juu na jangwa, na juu kabisa unapita mto wa upepo mkali. Marekani hupata tonado kama 1,200 kwa mwaka. Nyingi ni ndogo. Lakini tarehe 18 Machi 1925 moja ilikata majimbo ya Missouri, Illinois na Indiana na kuua watu 695, na Mei 2011 nyingine ilipita katikati ya mji wa Joplin, Missouri, ikaua zaidi ya 150. Hata leo, katika mawingu yanayozunguka ni sehemu ndogo tu yanayozaa tonado, na kutofautisha litakalozaa na lisilozaa ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika fani yangu.

Huku kwetu karibu na ikweta unyevu tunao, joto tunalo, lakini upepo wa juu na wa chini kwa kawaida haupishani vya kutosha. Kalamu haiviringiki. Ukishuka kusini mwa Afrika mambo yanabadilika: Desemba 1998 tonado ilipiga mji wa Umtata, Afrika Kusini, na Mzee Nelson Mandela alikuwa ndani ya duka la dawa mjini humo, walinzi wake walimlalia kumkinga.

Mkonga wa ziwani huanzia chini kwenda juu. Pale pepo mbili za ziwani zinapokutana, kwenye mpaka wao hutokea visulisuli vidogo vya hewa, vya aina ile inayozungusha majani makavu uwanjani. Wingu changa likipita juu ya kimoja na kukivuta kwenda juu, kinanyooka, kinakonda na kuongeza kasi. Mnachokiona kama bomba ni wingu, yaani mvuke uliokuwa matone kwa sababu hewa ya ndani imepoa. Halifyonzi ziwa. Kwenye kitako maji yanarushwa kama povu la duara mita chache juu, na hapo ndipo pa kuogopa. Mara nyingi hudumu dakika tano hadi ishirini na hufa mvua ya wingu lile ikianza kuanguka. Nguvu yake haibebi nyumba, lakini mtumbwi inaupindua bila shida. Ukiuona, usiukimbie kwa kwenda mbele yake. Utazame uko wapi ukilinganisha na kilima au kisiwa nyuma yake, ujue unaelekea wapi, kisha uukwepe kwa ubavuni, ukate pembe mraba na njia yake. Kama hausogei kushoto wala kulia bali unakua tu, unakuja kwako.

Neno moja kuhusu jina. Magazeti yetu huita tonado "kimbunga", na kimbunga ni kitu kingine. Kimbunga ni dhoruba ya bahari yenye upana wa mamia ya kilomita, kama kile kilichong'oa mikarafuu ya Unguja mwaka 1872, au Hidaya aliyetua pwani ya Tanzania Mei 2024. Kinatabiriwa siku kadhaa kabla. Mkonga wa ziwani hautabiriki hata saa moja kabla, kwa hiyo ukisikia tangazo la kimbunga usidhani linauhusu.

Nimebakisha lile la jioni. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Wim Thiery, Mbelgiji, walichapisha matokeo yaliyonifurahisha kuliko mengi niliyosoma. Walilinganisha picha za satelaiti na kukuta kwamba dhoruba zikiwa kali nchi kavu kuzunguka ziwa mchana, uwezekano wa dhoruba kali juu ya ziwa usiku unaofuata unaongezeka. Waliona pia kwamba mvua za usiku zilizo kali kupindukia zitaongezeka ziwani kuliko kwenye nchi kavu inayolizunguka kadiri dunia inavyopata joto. Hilo la pili linatisha. La kwanza ni la kutumia leo.

Saa kumi jioni, simama mahali palipo wazi utazame mashariki na kusini, upande wa Mara na Mwanza. Mawingu yakiwa madogo, yametawanyika, yanafifia jua likishuka, usiku una nafuu. Ukiona minara imepanda, kingo zake ngumu kama koliflawa, na moja au mbili zimeshatandaza fuawe, usiku huo una hatari hata kama juu ya kichwa chako ni buluu tupu. Ongeza hapo taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo hutoa utabiri wa ziwa, na wana rada Mwanza. Vikisema kitu kimoja, huo ni usiku wa kukaa pwani au kuvua karibu.

Kama mumeo ameshatoka, ahesabu. Akiona mwanga, ahesabu sekunde mpaka ngurumo: kila tatu ni kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na inaweza kumfikia. Akisikia ule ubaridi shingoni, hana muda wa kumalizia mkupuo wa mwisho. Nyavu ndani, taa ndani, kila mtu avae jaketi la kujiokolea kabla ya wimbi, kwa sababu ndani ya wimbi halivaliki. Omo la mtumbwi lielekee mawimbi, ubavu usitazame upepo. Wakae chini kabisa, miguu pamoja, wasishike mti wala chuma kilichosimama, na taa ya mkononi wabaki nayo: mtumbwi ukipinduka washikilie hapohapo, wasiogelee kwenda ufukweni, maana anayetafuta usiku huona mtumbwi uliopinduka kabla hajaona kichwa cha mtu.